Redio Haikusema Hivyo

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi hapa Kasenga, mtaa wetu wa Uvira, mwanangu, siku Mama Furaha aliposogeza kiti chake. Alikuwa ameketi upande wangu wa baraza, kama kila siku. Akainuka, akachukua kile kiti chake kidogo cha mbao kwa mkono mmoja na beseni la samaki wadogo wa ndagala kwa mkono mwingine, akaenda kuketi upande wa Enoki. Zilikuwa hatua nne, labda tano. Tangu siku hiyo nimeona majeshi yakiingia Uvira na kutoka, nimeona watu wakivuka ziwa na magodoro kichwani, nimezika ndugu. Lakini mtu akiniuliza vita vinaanzia wapi, akili yangu hurudi kwenye kile kiti.

Nakuandikia wewe, Neema, mtoto wa marehemu mdogo wangu, na wengine wa umri wako wakipenda wasome. Alhamisi ulikuja kwangu, ukaketi karibu na mlango, ukanisikilizisha sauti uliyorekodi kwenye simu kuhusu vita hivi tulivyo navyo. Ulizungumza vizuri. Ulieleza jirani zetu wanataka nini, wakubwa wa mbali wanatafuta nini katika udongo wetu, na kwa nini mazungumzo yanahamishwa kutoka hoteli moja kwenda nyingine bila kufika mwisho. Nilijivunia wewe. Kisha, karibu na mwisho, ukaanza kumsema yule binti wa mtaa wa Nyamianda ambaye naye huchambua vita, yule ambaye sauti zake zinasambazwa kuliko zako. Ukasema watu wajiulize habari zake anazipata wapi, na wajomba zake wanaishi mlima gani. Ukaniuliza, "Baba mukubwa, nitume?"

Nilikuomba ungoje hadi Jumapili. Ulidhani nimechoka. Kumbe ulikuwa pia umenisikilizisha sauti ya mzee mmoja aliye nchi ya mbali, ukitaka kunionyesha wachambuzi wengine wanavyosema, na sauti ile niliijua. Nitaifikia. Kwanza nikueleze nilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimesoma seminari ndogo, nikaacha kabla ya kumaliza, lakini nilitoka na Kifaransa kizuri na kidogo cha Kilatini cha kujionyesha. Wakati ule vita vya kwanza vilikuwa vinanukia. Hapakuwa na simu mkononi mwa watu. Habari tulizipata kwa redio ya Fundi Saidi, mshonaji, aliyeiweka juu ya meza ya cherehani barazani kwake. Kila familia ya jirani ilikuwa na zamu ya kuleta mawe ya redio, yaani betri, na yakianza kufa tuliyaanika juani pamoja na ndagala wa Mama Furaha ili yapate nguvu kidogo. Mama Furaha alikuwa akisema redio yetu inanuka samaki kwa sababu inakula jua pamoja na samaki.

Lakini redio ile ilisema Kifaransa, na wengi pale barazani hawakukijua. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kukaa karibu na meza, kusikiliza hadi mwisho, kuzima sauti na kuwaeleza watu kilichosemwa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mwanangu, huwezi kujua ladha yake. Wazee waliokuwa wamenibeba nikiwa mtoto waliinamisha kichwa wanisikie. Fundi Saidi alisimamisha cherehani. Nilikuwa nasema, "Wakubwa wa Ulaya hawakubali," na watu wazima wanaitikia kwa kichwa kana kwamba wakubwa hao wamenipigia mimi. Nikamaliza habari, nikaanza maoni yangu. Nilijua rais fulani anafikiri nini, nilijua jeshi fulani litapita barabara gani. Sikuwahi kusema sijui.

Ndipo akaja Enoki.

Alishuka kutoka milima ya juu, kule kwa wafugaji, kuja kufundisha katika shule moja ya Waprotestanti. Alikodi chumba Nyamianda, alikuwa mrefu, mpole, mwenye shati moja jeupe ambalo kila siku lilikuwa safi, na mimi niliwahi kukaa nikifikiri shati hilo analifua saa ngapi. Nilikuwa namjua tangu utoto, na hapo ndipo uchungu ulipozidi. Baba yake alikuwa amempa baba yangu ng'ombe.

Hili uliweke akilini. Sisi ni wakulima wa tambarare, wa Runingu, Wakatoliki, lugha yetu ya nyumbani Kirundi. Wao ni wafugaji wa juu. Kila kiangazi, majani ya juu yakikauka, baadhi yao waliteremsha ng'ombe kwetu, wakala mabua ya mahindi baada ya mavuno na kutuachia samadi. Baba yake na baba yangu wakapendana katika kazi hiyo. Mwaka mmoja mzee yule alimwachia baba mtamba wa rangi ya kahawia, aitwaye Bihogo, si kwa kuuza wala kukodisha. Kwa desturi yao wawili, toka siku hiyo walikuwa ndugu, na sisi watoto wao ndugu. Bihogo akizaa, ndama hushiba kwanza kwa siku nane. Kisha kibuyu cha kwanza cha maziwa huenda kwa aliyetoa ng'ombe, au kwa mtoto wake yeyote aliye karibu. Kabla kibuyu hicho hakijafika, hakuna mtu nyumbani kwetu aliyegusa maziwa, hata mgonjwa.

Kwa hiyo Enoki alipofika barazani mara ya kwanza, alinikumbatia mbele ya watu. "Mutoto wa baba," aliniita. Nilitabasamu. Nikampa nafasi kwenye benchi.

Wiki ya kwanza alinyamaza. Wiki ya pili, nilipomaliza kueleza habari, Fundi Saidi akamuuliza, kwa heshima tu, "Mwalimu, na weye unasemaje?"

Enoki akasema, "Deo ameeleza muzuri. Lakini asubuhi nilisikiliza redio ya upande wa pili wa mpaka, ya Kirundi, na ingine ya Kiswahili. Hii inasema askari walianza. Ile inasema hapana, ni bale bengine. Minye sijui nani anasema kweli. Labda tungoje siku mbili."

Mzee mmoja akasema, "Huyu kijana anasema sawa muntu."

Sawa muntu, yaani kama mtu kweli: neno lile moja, mwanangu. "Sijui" yake ilipendwa kuliko "najua" zangu zote.

Toka siku hiyo nilianza kuhesabu. Nilihesabu walioketi upande wake na walioketi upande wangu. Nikiwa kwenye Misa, wakati wa kuombea amani, niliombea amani kwa mdomo na moyoni nikawaza kama Enoki atakuja mchana. Mara moja nilimwomba Mungu mvua inyeshe saa ya habari, watu wasitoke nyumbani, ili nisione wakimsikiliza. Nilijaribu hata kusema sijui kama yeye. Mama Furaha akacheka hadi akashika mbavu. "Deo leo hajui," akasema. "Musikie, Deo hajui. Huyu anajua hata habari ya kesho. Shida yake ni ya leo tu."

Watu walicheka kwa upendo. Mimi sikulala vizuri siku mbili. Na siku ya tatu ndipo akasogeza kiti.

Usidhani Enoki alinitendea baya lolote. Hilo lingenisaidia. Alinigawia mawe ya redio yake. Aliniuliza maneno magumu ya Kifaransa ambayo nina hakika aliyajua, ili watu waone naulizwa. Na kila mara ile "mutoto wa baba", mbele ya wote, nami kila mara nikahisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto akaambiwa ashukuru.

Mwisho wa kiangazi hali ikawa mbaya. Milimani juu watu walikuwa wameanza kufukuzwa na kufukuzana. Mjini vijana walianza kuulizana mtu fulani ni wa wapi. Wale wa milima ya juu waliokuwa kwetu walitembea wakiangalia chini. Enoki aliendelea kuja barazani. Nadhani alikuja kwa sababu pale alikuwa na ndugu.

Jumamosi moja asubuhi hakuja. Alikuwa kanisani kwao, kwenye mazoezi ya kwaya. Baraza lilikuwa limejaa kuliko siku zote, na vijana wawili nisiowajua vizuri walikuwa wameegemea nguzo. Nikafurahi moyoni: leo ni wangu wote. Redio ikasema habari fupi ya mazungumzo katika mji mkuu mmoja wa mbali. Wajumbe walikuwa hawajakubaliana nani alinde barabara, wakaahirisha. Ndiyo hiyo tu. Nikazima sauti, nikafungua mdomo, na kabla sijasema neno Mama Furaha akanyoosha shingo kutazama njia.

"Enoki hayuko?" akauliza. "Basi, tungoje Enoki atueleze vizuri."

Nikasema, "Hakuna haja ya kungoja. Redio imesema kuna watu wa milimani wanaokaa hapa mjini na kupeleka habari kwa maadui wa upande ule. Imesema wengine ni walimu."

Mama Furaha akanitazama. "Redio imesema walimu?"

"Imesema."

"Kwa Kifaransa?"

"Kwa Kifaransa."

Wale vijana wawili waliachana na nguzo, wakaondoka bila kuaga. Na watu wote, mwanangu, wote, walinigeukia mimi. Benchi zima likasogea. Utamu wa dakika ile nauogopa hadi leo, kwa maana sijaonja tena mtamu kama ule, na najua ulitoka wapi.

Nilipanda baiskeli nikaenda Runingu kuwaona wazazi, kama nilivyofanya Jumamosi nyingi. Njiani nilikuwa napiga mluzi. Nilifika karibu saa sita. Baba alikuwa uani, na mbele yake kwenye mkeka palikuwa na kibuyu kimefungwa kwa jani la mgomba.

"Umekuja wakati wake," akasema. "Bihogo amezaa. Leo ni siku ya tisa. Nilikuwa natafuta mtu wa kumpelekea Enoki maziwa yake. Kula kidogo, halafu urudi nayo."

Nikasema nimechoka. Akasema, "Sisi hapa hatujakunywa, tunakungoja weye." Nikasema labda Enoki hayupo. Akauliza ameenda wapi. Nikasema labda ataondoka, mambo ya mjini si mazuri, watu wanasema juu ya walimu wa milimani. Akauliza watu gani. Alikuwa anauliza polepole, kama mtu anayechambua maharagwe, na kila swali likaondoa jiwe moja, hadi nikabaki mimi tu kwenye ungo.

Nikamwambia.

Baba hakunipiga. Hakupandisha hata sauti. Alitazama kibuyu, akasema maneno ambayo nimeyabeba kuliko mahubiri yote niliyosikia.

"Bale vijana walikuwa na mikono tayari. Walikuwa wanatafuta mudomo. Weye umewapa wako." Akaniwekea kibuyu mikononi. "Ulisema mbele ya watu. Utakanusha mbele ya watu, pale pale, na redio iko hapo. Lakini anza na maziwa. Nenda sasa."

Nilirudi kwa baiskeli, kibuyu kimefungwa kifuani kwa kitenge cha mama, nikisali rozari bila kujua niko fumbo la ngapi. Sikuomba tena mvua. Niliomba kwaya ya Waprotestanti iimbe siku nzima.

Nilipofika Nyamianda, mlango wa chumba cha Enoki ulikuwa umelala chini. Vitabu vya wanafunzi vilikuwa mferejini. Redio yake ndogo ilikuwa imepasuliwa katikati, unaona nyaya. Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia vioo.

"Bamekuja kama saa tano," akasema. "Hakuwa amerudi. Nilimtuma mutu akamzuie njiani. Amevuka mupaka pale Kavimvira na ile shati alivaa, hana hata mufuko." Akanisogelea, akashusha sauti. "Deo, ameacha neno lako. Amesema, mwambieni Deo ajifiche. Banatafuta wale wanasikilizaka redio. Mwambieni mutoto wa baba asiende barazani leo."

Nilisimama na maziwa yake kifuani.

Sikumwambia yule mama kosa langu. Niliacha kibuyu mikononi mwake, nikasema kimetoka kwa baba, kwa Enoki, akitokea mtu wa kuvuka basi kimfikie. Kisha nikaenda barazani. Ilikuwa saa ya habari za jioni, watu wamejaa, mawe ya redio yametolewa juani. Nilisimama karibu na meza, nikaomba Fundi Saidi asiwashe kwanza. Nikasema, "Asubuhi nilisema redio imetaja walimu. Redio haikusema hivyo. Nilisema mimi, kwa sababu mlikuwa mnampenda Enoki kuliko mimi."

Nilitamani wanipige. Fundi Saidi alifunika redio kwa kitambaa alichokuwa akishona, akaanza kumrudishia kila mtu mawe yake, moja moja, kwa mkono. Mama Furaha alikuwa wa mwisho kuondoka. Alibeba kiti chake, akapita karibu yangu.

"Deo," akasema, "kama ulitaka nirudishe kiti, si ungeniambia tu?"

Wiki chache baadaye vita viliingia Uvira, na baraza lile halikukusanyika tena. Nilipeleka barua kwa Enoki kupitia kanisa lao, mara mbili. Sikujua kama zilifika. Nilitubu kwa padri, nikapewa kitubio, nikakitimiza, na namshukuru Mungu kwamba husamehe. Baada ya miaka nikawa katekista, nikaoa, nikapata watoto. Katika vita vya pili wenye silaha walimchukua Bihogo. Ndama wake, baba alimficha kwenye matete ya mto Ruzizi, akamlea, na kila alipozaa, baba alimimina kibuyu cha kwanza na kukiweka mbele ya mlango hadi jioni, kikimngoja mwenyewe. Nasi hatukunywa hadi jua lizame. Alifanya hivyo hadi alipokufa.

Sasa, mwanangu, uliniuliza nionavyo mimi vita hivi vya leo, na ulitaka jibu la mzee wa Kanisa. Nakupa la mtu wa barazani. Yote uliyosema katika sauti yako ni kweli. Wapo wanaotafuta madini. Wapo majirani wenye hofu ya kweli na wenye hofu ya kutengeneza. Wapo wakubwa wetu wenyewe ambao amani ingewaacha bila kazi. Lakini jiulize jambo moja. Mtu wa mbali, akiwa na fedha na bunduki, anaingiaje katika kijiji asichojua hata njia ya mtoni? Anatafuta kwanza nani anamwonea mwenzake wivu. Nani anaona mwenzake ana malisho mapana, ana cheo, ana kiti cha machifu, ana shule, ana sauti inayosikilizwa. Huyo ndiye mlango. Faida ni ya mgeni, lakini mlango tunaufungua sisi, kwa mkono wa ndani. Katika miaka hii yote sijaona jeshi lililoingia kwetu bila kukaribishwa na mtu aliyekuwa na Enoki wake.

Na huko kwenye mahoteli ni vilevile. Nasikiliza habari: wajumbe wanagombania nani aketi wapi, nani aitwe kwanza, nani apigwe picha na rais gani. Natikisa kichwa. Kiti cha Mama Furaha hicho, kimepakwa rangi ya dhahabu.

Wala usidhani nimepona. Redio inapozungumzia vita vya nchi nyingine kwa saa nzima, mji kwa mji, na watoto wao kwa majina, kisha sisi tunapewa nusu dakika kabla ya mpira, nasikia wivu, nao ni wivu wa ajabu, wa kuwaonea wenye kufiwa wanaotazamwa. Naona aibu kuuandika. Naangalia ng'ambo ya ziwa, miji inayoamka na kulala bila kuuliza nani anashika barabara, na badala ya kumshukuru Mungu kwa amani yao, nauliza kwa nini wao. Ndipo huchukua rozari. Wivu kwangu ni kama homa ya malaria ya zamani. Haitoki mwilini. Unajifunza tu kuijua inapoanza kutetemesha, ukalala chini, usitoke kwenda kuamua mambo ya watu.

Sasa ile sauti ya Alhamisi. Mzee yule uliyenisikilizisha, anayeishi nchi ya baridi, aliyeulizwa kama kuna tumaini lolote kwa watu wa Uvira na milima yake, ni Enoki. Ulikuwa unatafuta sehemu yenye siasa, ukataka kuruka mbele, nikakuzuia mkono. Alisema, "Siku niliyofukuzwa, mkulima mmoja wa Runingu, Mkatoliki, aliniletea maziwa ya ng'ombe wa baba yangu. Kibuyu kilinifikia ng'ambo siku ya pili, maziwa yameganda. Mtoto wake ndiye aliyeyaleta mjini, njia ikiwa mbaya. Watu wa namna hiyo bado wapo."

Maisha yangu yote nilitaka nisikilizwe na kutajwa mbele ya watu. Enoki akanitaja, na ulimwengu unasikiliza, kwa wema ambao haukuwa wangu.

Ulipoondoka sikula. Ijumaa nikaenda kwa kijana anayetengeneza simu hapa Kasenga, nikamwomba anirekodie. Nikasema yote: mvua niliyoomba, walimu, vijana wawili, mlango uliolala chini. Mchungaji wa kanisa lao mjini akapata njia ya kuituma. Jana mchana jibu likaja. Kijana wa simu akanishikia simu sikioni. Kisha ile sauti.

"Mutoto wa baba. Hiyo naijua toka mwaka ule. Mama mwenye nyumba aliniandikia yote, na barua zako mbili zilifika. Nilishindwa kujibu, nilikuwa na hasira miaka mingi. Halafu ikaisha. Nilitaja maziwa kwa sababu yalifika. Sasa niambie, kwa Bihogo kumebaki kitu?"

Nilicheka na kulia, na katikati ya kulia nikaisikia ile homa ya zamani ikinipanda. Hata katika kusamehe amenitangulia.

Nimemjibu kwamba Runingu, kwa mdogo wangu mwingine, kuna mtamba mmoja wa kahawia, mwenye mimba. Akizaa nitampeleka mtu na kibuyu hadi mpakani, ikiwa barabara itafunguka. Isipofunguka, kitakaa mlangoni hadi jioni.

Basi, Neema, na wewe mwingine unayesoma, shika haya. Chambua vita, wala usiogope, kwa kuwa tunahitaji macho ya vijana. Lakini kabla ya kumtaja mtu kwa ukoo wake au mlima wake, jiulize kama ungemtaja hivyo siku watu wakikusikiliza wewe kuliko yeye. Ukisikia utamu watu wanapokugeukia kwa habari ya kumwangamiza mwingine, funga mdomo hapo hapo, hata kama habari ni ya kweli. Usilolijua, sema hulijui. Ukishakosa mbele ya watu, rekebisha mbele ya watu, upesi, kabla mwenzako hajavuka mpaka akidhani wewe ni rafiki. Na huyo binti wa Nyamianda, nenda kwake kesho. Mpelekee kitu cha kula. Mwulize anaonaje mambo.

Ile sauti uifute, mwanangu. Mungu aliyenivumilia mimi miaka hii yote akuvumilie na wewe, akupe masikio kabla ya ulimi, awape wenzako neema na wewe uweze kuitazama bila kuumia. Akulinde barabarani na ziwani. Na siku ile watu watakapohamisha viti vyao kwenda kwa mwingine, akupe moyo wa kuinuka nao, uende kusikiliza.